Visiwa na Miji ya Bahari ya Kati Wakati Wageni Wameondoka

(Masomo ya Redio kwa Watu Wazima. Mazungumzo haya yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, ili darasa liweze kuyasoma tena polepole.)

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Kiongozi wa darasa, tafadhali tundika ramani ya dunia ukutani, mahali ambapo hata waliokaa nyuma wataiona.

Somo la leo limetokana na barua. Mama mmoja, mwanafunzi wa kisomo kama ninyi, ametuandikia kurasa mbili nzima kwa mkono wake mwenyewe. Binti yake anasoma uuguzi katika kisiwa cha Malta, nao hawajaonana kwa miaka mitatu. Sasa binti anamwomba mama yake aende kumtazama mwezi wa Januari. Ndipo atakapokuwa na likizo, na nauli ya ndege hupungua sikukuu za Mwaka Mpya zikiisha. Tena anasema kwamba wakiwa pamoja wataweza kwenda siku chache mahali pengine: ama kisiwa cha Krete, ama mji wa Venice.

Mama anataka kwenda. Fedha ameziweka kidogo kidogo kwa muda mrefu. Lakini jirani yake, mzee aliyepata kufanya kazi melini, amemwambia hivi: "Januari? Huko wakati huo kumekufa! Hoteli zimefungwa, meli hazisafiri, watu wamejifungia ndani. Utatupa fedha zako bure." Basi Mama anatuuliza: Je, ni kweli?

Swali hili ni zuri, na jibu lake litatufaa sote, hata sisi tusiosafiri. Mzee yule hakusema uongo. Lakini hakusema yote.

BAHARI NA MAJIRA YAKE

Tazameni ramani. Juu ya Afrika mtaona bahari ndefu iliyozungukwa na nchi karibu pande zote. Kaskazini yake ni Ulaya, kusini ni Afrika, mashariki ni Asia. Kwa kuwa iko kati ya nchi, tunaiita Bahari ya Kati. Wengine huiita Mediterania. Upande wa magharibi ina mlango mwembamba wa Gibraltar. Penye wembamba zaidi, mlango huo una upana wa kilometa 14 hivi. Upande wa kusini-mashariki watu walichimba mlango mwingine, Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869.

Kwetu pwani watu huhesabu mwaka kwa pepo, yaani kaskazi na kusi. Huko huhesabu kwa joto na baridi. Kuanzia Juni hadi Septemba jua ni kali na mvua ni haba sana. Kuanzia Novemba hadi Machi baridi na mvua huja pamoja. Watalii wengi wa Ulaya hufuata jua na maji ya kuogelea. Kwa hiyo huanza kufika baada ya Pasaka, hujaa mno Julai na Agosti, na mwisho wa Oktoba huondoka. Hapo huanza msimu ambao wafanya biashara huuita msimu wa chini. Mimi napenda kuuita msimu wa wenyeji.

Jambo hili si la leo. Zamani, kabla ya meli za injini, mabaharia wa Bahari ya Kati walikaa bandarini wakati wa baridi, kama manahodha wetu wa majahazi walivyongoja pepo zigeuke. Wanaosoma Biblia watakumbuka safari ya Mtume Paulo, katika Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28. Chombo chake kilifika Krete, mahali panapoitwa Bandari Nzuri, na wakati mwema wa kusafiri ulikuwa umekwisha kupita. Paulo akawaonya. Lakini nahodha na mwenye chombo walitaka kwenda mbele, watafute bandari bora ya kukaa wakati wa baridi. Wakang'oa nanga. Upepo mkali ukawakamata, wakatupwa huku na huku siku kumi na nne, hata chombo kikavunjika katika kisiwa cha Melita, yaani Malta. Watu wote 276 wakaokoka. Na wenyeji wa kisiwa walifanya nini? Waliwawashia moto na kuwakaribisha, kwa sababu ya mvua na baridi. Wageni wale wakakaa kisiwani miezi mitatu.

Habari hii ina mafunzo mawili. La kwanza, bahari ya wakati wa baridi si ya kuchezewa. La pili, wenyeji hawaondoki pamoja na jua. Wapo, na moto wao unawaka. Tuyashike mafunzo hayo mawili, sasa tutazame mahali patatu alipotaja Mama.

KRETE: PWANI IMELALA, KIJIJI KIKO MACHO

Krete ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Tuseme umefika pale Januari, ukaenda Malia au Hersonissos, miji ya pwani ya kaskazini inayojulikana sana kwa watalii. Utaona nini? Hoteli nyingi zimefungwa. Viti vimepandishwa juu ya meza. Mabasi ni machache. Ukiwa ulitaka pwani na ngoma za usiku, maneno ya yule mzee yatakuwa kweli tupu.

Vivyo hivyo milimani. Kuna bonde jembamba linaloitwa Samaria, lenye njia ya miguu ya kilometa 16, na watu wengi hulijia kutoka mbali. Bonde hilo hufunguliwa Mei na kufungwa baada ya Oktoba, maana wakati wa mvua mto hufurika na mawe huanguka. Usidhani kwamba amri hiyo ni ya kuwanyima wageni raha. Ni ya kulinda roho zao.

Lakini geuka, upande kijijini. Huko sasa ndiyo kazi! Kuanzia Novemba watu huvuna zeituni. Hutandaza nyavu chini ya miti, wakapiga matawi kwa fimbo au kwa mashine, na matunda huanguka kama mvua. Mashine za kukamua mafuta hufanya kazi mchana na usiku. Si watumishi wachache wa hoteli ambao wakati huu hurudi kwenye miti ya wazee wao. Yule aliyekuletea sahani Agosti akikimbia, Januari yumo shambani kwake, na ana nafasi ya kukuuliza habari za kwenu. Juu yake mlima wa Psiloritis, wenye mita 2,456, umevaa theluji.

Na mji mkuu, Heraklion, haulali. Una bandari, chuo kikuu, hospitali na soko. Watu wake hawaishi kwa watalii peke yao. Karibu nao yako magofu ya Knossos, ya jumba lililojengwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Katika joto la Agosti watu husukumana pale. Januari waweza kusimama peke yako mbele ya ukuta mmoja mpaka umeshiba.

Tena Wagiriki wanajua kwamba katikati ya baridi huja siku za utulivu na jua. Wanaziita siku za mdiria. Ngano yao ya kale husema kwamba ndege huyo hutaga mayai karibu na bahari siku hizo, na pepo hutulizwa kwa ajili yake. Lakini siku hizo haziandikwi katika kalenda. Zikikuta, shukuru. Zisipokukuta, fungua mwavuli.

MALTA: KISIWA KIDOGO KISICHOFUNGWA

Sasa turudi Malta, anakokaa binti. Tafuteni nukta ndogo kusini ya Italia. Malta na visiwa vyake vyote ni kilometa za mraba 316 tu. Pemba peke yake ni kubwa mara tatu kuliko nchi hiyo. Watu wake ni nusu milioni na zaidi kidogo, lakini mwaka 2024 walifika wageni zaidi ya milioni 3. Fikirini mzigo huo!

Malta haifungwi wakati wa baridi, kwa sababu ni nchi kamili. Watoto huenda shule, ofisi hufanya kazi, meli hupakua mizigo. Joto la Januari mchana ni digrii 15 hivi, na usiku hushuka hadi 9 au 10. Na hapa pana ajabu. Aliyekuja Agosti atakuambia kwamba Malta ni nchi ya mawe makavu yenye rangi ya vumbi. Aliyekuja Januari atakuambia kwamba ni ya kijani. Mvua imenyesha, vijishamba vyenye kuta za mawe vimeota, na michungwa ina matunda. Wote wawili wamesema kweli. Kila mmoja aliona nusu ya mwaka.

Mama yetu hatakuwa kiziwi huko. Kiingereza ni lugha mojawapo ya serikali, kwa maana Malta ilitawaliwa na Waingereza mpaka mwaka 1964. Lakini lugha ya nyumbani ni Kimalta, nacho kilitokana na Kiarabu, kwa kuwa Waarabu waliitawala Malta kwa muda wa miaka mia mbili hivi kuanzia mwaka 870. Nasi Waswahili tulipokea maneno ya Kiarabu kwa njia ya biashara ya baharini. Kwa hiyo sikilizeni. Mmalta husema "ktieb", ndicho kitabu. Husema "dinja", ndiyo dunia. "Baħar" ni bahari. "Sitta" ni sita, na "għoxrin" ni ishirini. Mama akienda sokoni na kusikia hesabu, atageuka kutazama ni nani wa kwao!

Na sikukuu? Tarehe 10 Februari Wamalta huadhimisha kuvunjika kwa chombo cha Paulo. Sanamu yake huchukuliwa mabegani katika barabara za mji mkuu, Valletta, na watu hurusha vipande vya karatasi kutoka madirishani. Sikukuu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watalii. Mgeni akiwapo, amealikwa katika jambo la wenye nyumba.

VENICE: MJI WA MAJI

Mahali pa tatu ni Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100. Hauna magari. Mtu huenda kwa miguu juu ya madaraja, au kwa mashua. Mwaka 1951 katika mji huo wa kale walikaa watu 175,000 hivi. Tangu mwaka 2022 hawafiki 50,000. Nyumba nyingi zimekuwa za kupangishwa wageni, kodi imepanda, na vijana wamehamia bara. Watalii wa mchana wamezidi mno, hata mwaka 2024 mji ulianza kumtoza euro 5 kila mgeni ajaye bila kulala, katika siku kadhaa za Aprili hadi Julai.

Ukienda Januari utaona mji tofauti. Ukungu uko juu ya maji. Mama mwenye kikapu anavuka daraja, watoto wanatoka shule, mwuza samaki anaita. Mji huo wa wenyeji upo hata Julai, ila huwezi kuuona kwa wingi wa watu. Lakini angalia tarehe zako. Siku zinazotangulia Kwaresima kuna sikukuu ya vinyago, na hapo umati hurudi na bei hupanda.

Liko na jambo la maji. Watu wa pwani mnajua bamvua, yaani maji kujaa sana mwezi ukiwa mpevu au ukiandama. Kule, upepo wa kusini ukikutana na bamvua, husukuma bahari ndani ya mji. Hutokea zaidi tangu Oktoba mpaka Januari. Novemba 1966 maji yalipanda sentimeta 194 juu ya kipimo chao. Tarehe 12 Novemba 2019 yalipanda sentimeta 187. Kwa hiyo serikali ilijenga milango 78 ya chuma katika njia tatu za kuingilia bahari, na tarehe 3 Oktoba 2020 iliinuliwa kwa mara ya kwanza kuyazuia maji ya bamvua. Tangu hapo mji umeokoka mara nyingi. Lakini milango haiinuliwi kwa kila maji, na mahali palipo chini waweza bado kukanyaga maji. Viatu vya mpira havitakutia aibu.

MATAYARISHO

Sasa chukueni kalamu. Haya ndiyo mambo ambayo Mama, au mtu yeyote, hana budi kuyatengeneza mapema.

1. Hati. Malta, Italia na Ugiriki zote zimo katika umoja wa safari uitwao Schengen. Viza moja yatosha kwa zote tatu, na huruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika siku 180. Iombe kwa nchi utakayokaa zaidi, siku 15 kabla ya safari au mapema zaidi. Usingoje siku ya mwisho. Hutakiwa pia bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

2. Baridi ya ndani ya nyumba. Nyumba nyingi za nchi hizo ni za mawe, zimejengwa ili kufukuza joto la kiangazi. Wakati wa baridi huwa na unyevu, na ndani huweza kushinda nje kwa baridi. Mwanamuziki Chopin alikwenda kisiwa cha Mallorca, Hispania, mwezi wa Novemba 1838, akitafuta joto kwa ajili ya kifua chake. Alikaa katika nyumba ya zamani ya watawa kule Valldemossa. Mvua na unyevu vilimzidishia ugonjwa, akaondoka Februari 1839. Basi kabla ya kulipa chumba, uliza: Kina kitu cha kupasha joto? Umeme wake nalipa mimi au mwenye nyumba? Na uchukue sweta, soksi nzito na koti lisiloingiza maji. Venice usiku joto hukaribia digrii 0, ambapo maji hugeuka barafu.

3. Urefu wa mchana. Kwetu mchana una saa 12 hivi mwaka mzima. Katikati ya Januari mchana wa Malta ni saa 10 hivi, na wa Venice ni saa 9. Panga matembezi ya asubuhi.

4. Vivuko. Kutoka Malta kwenda kisiwa jirani cha Gozo ni dakika 25 tu kwa kivuko, lakini siku ya tufani kivuko huweza kusimama. Visiwa vidogo vya Ugiriki huweza kukatwa kwa siku kadhaa. Usifunge safari ya kisiwani siku moja kabla ya ndege ya kurudi.

5. Kuuliza kwanza. Pahali palipofunguliwa kiangazi huenda pakafungwa, au pakafunguliwa saa chache. Piga simu, au binti aulize.

WANAOUBEBA MSIMU

Kabla sijamaliza, nataka mfikiri juu ya jambo moja. Mgeni akiondoka Oktoba, mtumishi wa hoteli anakula nini hadi Aprili? Katika Ugiriki, aliyefanya kazi siku za kutosha hupata posho ya serikali kwa miezi kadhaa. Mwenye miti ya zeituni ana mafuta yake. Asiyekuwa na hili wala lile huhamia mjini kutafuta kazi. Jambo hili halitupiti mbali. Watu wa Nungwi na Paje wanajua masika yanapoingia, Aprili na Mei, hoteli nyingine hufunga milango na vijana hurudi makwao.

Hivyo basi, mahali panapokula mkono mmoja wa wageni hulala mkono huo ukiondoka. Heraklion na Malta hazilali kwa kuwa zina kazi nyingine. Na mgeni anayekuja wakati wa upweke, akanunua mkate kwa mwoka mikate na kulala kwa mwenye nyumba, fedha yake hufika mahali inapongojewa.

JIBU LA BARUA

Mama, nakujibu sasa. Jirani yako alikuwa akienda bandarini kutafuta wageni wenzake, naye hakuwakuta. Wewe huendi kutafuta wageni. Unakwenda kwa mtoto wako. Nenda Januari. Kaa Malta siku nyingi. Krete uiache kwa sasa, kwa sababu bahari na mabasi ya wakati huo yatakula siku zenu chache. Mwaka utakapofika wa kwenda, nenda wakati wa zeituni, ukae Heraklion. Venice waweza kwenda siku mbili au tatu, kabla ya umati wa vinyago, na viatu vya mpira miguuni. Na chukua kanga nzito moja zaidi. Binti yako amekaa baridi tatu bila mtu wa kumfunika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini yule mzee hakusema uongo, wala hakusema yote?
2. Taja kazi moja ifanywayo Krete wakati wa baridi.
3. Kwa nini Malta huonekana kavu kwa mgeni mmoja, na ya kijani kwa mwingine?
4. Katika kijiji au mji wenu, ni watu gani wanaoishi kwa msimu mmoja? Msimu ukiisha, hufanya nini? Kila mtu aandike mistari mitano.

Endeleeni kutuandikia, hata kama barua ni ya mistari miwili. Kwaherini.